Kuchagua kipanya cha kompyuta kisichochosha mkono: mwongozo kamili kutoka Lubumbashi

Ukiingia soko la Kenya hapa Lubumbashi (Kenya ya kwetu ni komini, si nchi) ukaomba kipanya, usishangae ukielekezwa kwa wauza sumu. Kwetu kitu hicho kinaitwa suri, neno tuliloazima kwenye Kifaransa, na ndivyo utakavyolisikia kuanzia mjini hadi Kasapa. Mimi nitaandika kipanya ili msomaji wa Mombasa na wa Mwanza tuelewane, ila siku ukija kununua huku, omba suri.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye sekretariati, vile vibanda vya kupiga chapa na kutoa fotokopi, karibu na chuo kikuu. Wanafunzi wanaleta TFC na mémoire, yaani tasnifu zao za kumaliza masomo, profesa ameshazichora kwa kalamu nyekundu, na kila mmoja anaitaka kazi yake kesho asubuhi. Kupiga chapa hakuumizi sana. Kinachoumiza ni kusahihisha: neno hapa, aya kule, jedwali limekimbilia ukurasa wa pili, namba za kurasa zimeanza upya katikati ya sura. Hayo yote ni kusogeza mshale, kubofya na kuburuta, saa nane mfululizo.

Msimu mmoja nilinunua kipanya kidogo chekundu, kizuri kweli, chenye waya unaojikunja wenyewe kama utepe wa fundi nguo. Wiki tatu nilikuwa nakionyesha watu. Wiki ya nne nilikuwa nasonga bukari (ugali wetu) kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikataa kushika mwiko. Yaya (kwetu ni dada au kaka mkubwa, si mlezi wa watoto) aliyekaa meza ya pili alinicheka kwanza, kisha akaniwekea mkononi kipanya chake: cheusi, kikuukuu, maandishi yote yamefutika. Kiganja changu kilitua juu yake kama kuku juu ya mayai.

"Wewe ulinunua na macho," akaniambia. "Suri inanunuliwa na mkono."

Yanayofuata ni jinsi ya kununua kwa mkono.

Pima mkono kabla hujauliza bei

Huhitaji futi. Chukua karatasi ya A4, ambayo upana wake ni sentimita 21. Weka mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, kwenye ukingo mmoja mrefu wa karatasi, kisha nyoosha vidole kuelekea ukingo wa pili. Sasa tazama nafasi iliyobaki mbele ya kidole cha kati. Ikiwa imebaki chini ya sentimita 2, mkono wako ni mkubwa. Kati ya 2 na 4, mkono wa kadiri. Zaidi ya 4, mkono mdogo. Hiki si kipimo cha hospitali, ni cha kaunta, lakini kimenitosha kwa watu wengi.

Ukishajua urefu wa mkono, uzidishe kwa 0.6. Jibu ndilo urefu wa kipanya unachopaswa kuanza nacho kutafuta. Mkono wa sentimita 18 unakupeleka kwenye kipanya cha karibu sentimita 11. Mkono wa 20 unataka cha 12. Ukipata kilichopungua au kuzidi nusu sentimita, hakuna tatizo. Kilichopungua sentimita 2, kiache.

Na dukani utapimaje bila rula? Kadi ya benki, au ile kadi nzima ya plastiki inayobeba SIM kabla hujaivunja, ina urefu wa sentimita 8.56 na upana wa 5.4. Iweke juu ya kipanya. Kipanya kikilingana nayo au kikiizidi kidogo tu, hicho ni cha safari au cha mtoto, hata muuzaji aape kwa mama yake. Kipanya cha mtu mzima wa mkono wa kadiri kinaizidi kadi kwa upana wa vidole viwili hivi. Kile chekundu changu, nilipokuja kukipima, kilikuwa sawa na kadi kabisa.

Kwa nini kidogo kinaumiza? Weka mkono mezani, uulegeze, utazame vidole. Vimejikunja kidogo, vimeachana, kiganja kimeinuka katikati kama paa. Kipanya kizuri kinajaza lile paa. Kidogo hakilijazi, kwa hiyo kidole gumba na kidole cha mwisho vinalazimika kukibana pembeni ili kisiponyoke, na misuli ya mkono kuanzia kifundo hadi kiwiko inabaki imekaza muda wote, hata pale unaposoma tu bila kubofya. Ndiyo maana maumivu yangu hayakuanzia kwenye vidole. Yalianzia chini ya kiwiko, mahali ambapo sikudhani panahusika.

Kipanya kikubwa kupita kiasi nacho kina kosa lake. Unanyoosha vidole kufikia vitufe na gurudumu la katikati, na baada ya saa mbili sehemu ya juu ya kiganja inawaka moto. Hili nimeliona kwa dada wenye mikono midogo wanaopewa kipanya cha ofisi bila kuulizwa.

Halafu kuna namna ya kushika. Wapo wanaolaza kiganja kizima. Wapo wanaokunja vidole kama makucha ya paka, kiganja kikigusa nyuma tu. Wapo wanaoshika kwa ncha za vidole, kiganja kikielea hewani. Usijibadilishe kwa lazima, bali ujitazame siku moja ukiwa kazini na hujui kama unatazamwa. Mlaza kiganja anataka kipanya kirefu chenye nundu ya juu upande wa nyuma. Mwenye makucha anataka kifupi kidogo, nundu iwe nyuma lakini mbele pawe chini. Wa ncha za vidole ndiye pekee anayeweza kustarehe na kipanya kifupi na chepesi, na huyo anisamehe maneno yangu ya hapo juu.

Itazame meza yako

Watu wengi hulaumu kipanya kwa makosa ya meza. Pale kwetu nilikuta kompyuta imewekwa juu ya meza ndefu iliyokuwa ya duka la vitambaa, na kiti ni cha plastiki. Kiwiko changu kilikuwa chini ya meza, mkono unapanda mlima kufikia kipanya. Hapo hata ukipewa kipanya cha dola 100, bega litauma.

Kiwiko kiwe sawa na uso wa meza, au juu yake kidogo, kikiwa kimejikunja karibu kona ya mraba. Meza ikiwa juu sana na huna pa kuipunguzia, pandisha kiti: kitenge kilichokunjwa mara kadhaa, mto, rimu mbili za karatasi chini ya mto. Miguu ikianza kuning'inia, tafuta kiboksi cha kuikanyaga.

Kingine ni kibodi. Kibodi pana yenye namba upande wa kulia inakisukuma kipanya mbali, na mkono unafunguka kwenda nje siku nzima. Kama wewe hujazi mahesabu, nunua kibodi isiyo na namba za pembeni, au isogeze ile pana upande wa kushoto mpaka herufi B iwe mbele ya kitovu chako. Kipanya kitarudi karibu na ubavu, mahali pake. Nimeona bega lililouma miezi mingi likipona kwa kuisogeza kibodi tu, bila kununua chochote.

Meza nyembamba kabisa, kama zile za kantini ambako wengine wanafanyia kazi kwa laptopu, nitairudia nikifika kwenye maumbo.

Waya, au bila waya?

Mjini kwetu swali hili linaanza na delestaji, yaani mgao wa umeme. Umeme unakatika, jenereta ya jirani inawaka, kompyuta ya mezani inazimika na kuamka. Kipanya cha waya hakijali: kinakula umeme wa volti 5 kutoka tundu la USB, mashine ikiwaka nacho kinawaka. Hakina betri ya kuisha saa tano usiku wakati maduka yamefungwa. Hakipotei ovyo, na kwenye chumba cha watu wengi waya huo huo ndio kamba ya mbuzi.

Ubaya wake ni kuvuta. Waya mgumu unakirudisha kipanya nyuma kila ukikisogeza, na ukiupitisha nyuma ya skrini ukabanwa na ukuta, kila mwendo unakuwa kama kuvuta ndoo. Dukani ufungue waya wote, uulaze: ukibaki umejikunja kama waya wa uzio, hautalegea hata baada ya mwezi. Zile nyaya zilizosukwa kwa nyuzi zinavutia macho lakini za bei ya chini ndizo ngumu zaidi. Nyumbani uache waya mlegevu wa kutosha mbele ya kompyuta, uushikize kwa kipande cha gundi ya karatasi ili uzito wake usishuke nyuma ya meza.

Bila waya ni raha kwa mwenye laptopu anayehama. Kuna aina mbili. Ya kwanza inakuja na kijiti kidogo cha USB, kinachotumia mawimbi ya 2.4 GHz. Unachomeka, kinafanya kazi. Kijiti hicho ni kidogo kama punje ya mahindi, na vipanya vya bei ndogo mara nyingi vimefungwa na kijiti chao: ukikipoteza, umebaki na jiwe la kushikia karatasi. Fungua kifuniko cha betri, vingi vina kishimo cha kukihifadhi humo. Ya pili inatumia Bluetooth, haihitaji kijiti wala tundu, lakini kompyuta yako iwe na Bluetooth, na nyingi za mezani za zamani hazina.

Mshale ukikwamakwama na kipanya cha kijiti, kabla hujamrudishia muuzaji, angalia tundu ulilotumia. Tundu za USB 3, ambazo mara nyingi zina ulimi wa buluu ndani, zikiwa na diski ya nje inayofanya kazi, zinaweza kutoa kelele ya mawimbi kwenye masafa yale yale ya 2.4 GHz. Hamishia kijiti upande mwingine wa laptopu. Kwenye kompyuta ya mezani, kitoe nyuma ya mashine ukilete mbele, au tumia waya mfupi wa kurefusha USB. Wateja wengi walioniletea vipanya "vibovu" waliondoka navyo vizima namna hiyo.

Kuhusu betri: kinachotumia betri moja ya AA nakipenda kuliko cha kuchaji, kwa sababu betri inauzwa kila kona. Ila usiweke zile za bei ya bure, hutokwa maji na kutafuna vyuma. Ukinunua cha kuchaji, hakikisha kinaweza kutumika huku kinachaji, tundu likiwa mbele. Apple, kwa sababu wanazozijua wenyewe, mwaka 2015 waliweka tundu la kuchajia la Magic Mouse tumboni, kwa hiyo ukikichaji unakilaza chali kama mende na kazi inasimama.

Maumbo

Cha kwanza kabisa, alichokibuni Douglas Engelbart huko Marekani mwaka 1964, kilikuwa kipande cha mbao chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Hakikufikiria kiganja hata kidogo. Vingi vinavyouzwa leo bado vinamfuata babu huyo: kushoto na kulia sawa, mgongo wa duara kidogo. Hivi vya pande sawa ni salama ukiwa hujui utakipa nani, na kwa mtu wa kushoto ndivyo karibu pekee atakavyovikuta madukani kwetu.

Vya mkono wa kulia vimechongwa: upande wa kidole gumba umeingia ndani, mgongo umeinamia kulia. Kikikukaa vizuri, hutarudi kwenye cha pande sawa. Lakini kwa vile kimechongwa, kinakosea vibaya zaidi kama si saizi yako. Weka kidole gumba kwenye ule mfereji. Kikiwa kinagonga ukuta wa mbele au hakifikii mahali palipochongwa, hicho kilitengenezewa mkono wa mtu mwingine.

Kipanya cha wima unakishika kama unampa mtu mkono. Maana yake ni kwamba mifupa miwili ya mkono kati ya kiwiko na kifundo haipishani kama inavyopishana ukigeuza kiganja chini. Logitech wana MX Vertical ya 2018 na Lift ya 2022, zote zimeinama nyuzi 57. Lift ni ya mikono midogo na ya kadiri, na ipo ya watu wa kushoto. Huku kwetu zinaonekana zaidi zile zisizo na jina, zinazotoka China na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa au kwenye mizigo ya Dubai, na si mbaya zote. Kasoro ni kwamba nyingi ni kubwa, na ukibofya kipanya kinasukumwa pembeni mpaka uzoee kukipinga kwa kidole gumba. Kwa kazi ya kuchora kadi za arusi na mabango, ambako mshale unatakiwa kutua kwenye nukta, siku za kwanza utakasirika. Kwa Word na Excel, siku nne au tano zinatosha.

Kuna na kile chenye mpira, ambacho chenyewe hakisogei: unazungusha mpira kwa kidole gumba au kwa vidole vya mbele. Hiki ndicho cha meza nyembamba niliyoiahidi, maana kinataka nafasi ya sahani ndogo tu na kinafanya kazi hata juu ya mkono wa kiti. Bega linapumzika. Kidole gumba, hata hivyo, kinabeba kazi yote, na kama tayari kinauma kwa ajili ya simu, usikiongezee mzigo.

Namba za kwenye boksi

Pita haraka. DPI ni idadi ya hatua ambazo mshale unaruka kipanya kikisogea inchi moja. Kwa skrini za kawaida, 800 hadi 1600 inatosha kabisa. Aliyeandika 12,000 kwenye boksi hajakuongezea starehe. Taa za rangi hula betri. Vitufe vya pembeni vya kurudi nyuma na mbele ni vizuri kama vipo, usivilipie peke yake. Kubofya kimyakimya ni baraka kama unafanya kazi usiku na mtoto amelala chumba hicho hicho. Uzito ni mazoea, ila kumbuka betri moja ya AA ya alkali ina gramu 23 hivi, kwa hiyo kishike kikiwa na betri ndani, si kitupu.

Mbele ya muuzaji

Hapa ndipo pesa inapookolewa, na hapa ndipo watu wanapoona haya. Muuzaji atakuambia, "Yaya, hii iko original, kamata." Wewe kamata kweli, lakini usikilipie bado.

Nenda na simu yako ya Android na ile adapta ndogo ya OTG inayoingiza USB kwenye simu. Chomeka kipanya kwenye simu: mshale utatokea kwenye skrini. Hivyo hata kama duka halina umeme wala kompyuta, umeshapata pa kukijaribia. Muuzaji akishangaa, mwache ashangae, wateja wengine nao watasogea kutazama.

Kwanza omba kipande cha katoni au daftari uweke chini. Kaunta nyingi ni kioo, na kipanya cha kawaida cha taa hakioni kitu juu ya kioo, mshale utarukaruka na utakihukumu bure.

Fungua kikokotoo cha simu. Peleka mshale kwenye namba 1, bofya mara 10, polepole kisha haraka, huku unahesabu kwa sauti. Hesabu tarakimu kwenye skrini. Zikiwa 11 au 12, kitufe kinajibofya chenyewe mara mbili. Ndani ya kitufe kuna kibati chembamba cha chuma kinachopinda na kurudi. Kikichoka au kikiwa duni tangu kiwandani, kinatetemeka na kompyuta inaona mibofyo miwili. Zikiwa 9, kinameza. Vyote viwili, rudisha.

Kisha fungua ujumbe mrefu wowote. Zungusha gurudumu kushuka chini, taratibu, hatua moja baada ya nyingine. Maandishi yakiruka juu hata mara moja huku wewe unashuka, gurudumu ni bovu, na halitapona. Bonyeza na gurudumu lenyewe: likitaka nguvu ya kidole kizima, litakuchosha.

Baada ya hapo ondoa simu, na ukishike tu. Dakika mbili, huku unabishana bei kwa mkono mwingine. Usikitazame. Sikiliza vitu vitatu: kama kidole cha mwisho kinaburuzwa mezani bila pa kupumzikia, kama unabana ili kukiinua, na kama kidole cha shahada kinaweza kulala juu ya kitufe bila kukibofya kwa bahati mbaya. Hilo la mwisho wengi hawalijui. Kitufe laini mno kinakulazimisha kuning'iniza kidole hewani siku nzima, na kidole kinachoning'inia hakipumziki. Mwisho, kitikise karibu na sikio. Mlio wa kitu kilicholegea ndani ni sababu ya kuomba kingine.

Na upatane kabla ya kulipa: "Kikisumbua kesho, nakirudisha." Andikiwa kwenye fakturi, hata iwe karatasi ya daftari yenye muhuri.

Siku ya kwanza nyumbani

Kipanya kilichochaguliwa vizuri kinaweza kuharibiwa na mipangilio. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika main.cpl, kisha Enter. Dirisha la kipanya litafunguka, hata kama kompyuta iko kwa Kifaransa kama zetu nyingi. Rekebisha kasi ya mshale mpaka uvuke skrini nzima, kona hadi kona, kwa mwendo wa mkono unaolingana na upana wa kiganja chako. Ukilazimika kuinua kipanya na kukirudisha, kasi ni ndogo. Ukishindwa kutua kwenye herufi moja, ni kubwa. Kile kisanduku cha "Améliorer la précision du pointeur" kinafanya mshale ukimbie zaidi unapoharakisha mkono. Wachoraji wengi hukitoa alama, sisi wa Word tunaweza kukiacha. Punguza na kasi ya kubofya mara mbili ikiwa unamnunulia mzee. Kwa mtu wa kushoto, badilisha vitufe humo humo.

Mkono usogee kutoka kiwiko, si kwa kupinda kifundo kushoto na kulia kama mkia. Kifundo kisilale kwenye ncha kali ya meza. Zile mito za jeli mbele ya kipanya ni za kupumzikia kiganja wakati umeacha kubofya, si za kukandamizia kifundo ukifanya kazi.

Na yale unayoweza kuyafanya kwa kibodi, yatoe kwenye kipanya. Profesa akitaka neno moja libadilishwe kwenye kurasa 60, Ctrl na H kwenye Word inalimaliza kwa mara moja. Mkono wangu ulipata nafuu kwa njia hiyo kama ulivyopata kwa kipanya kipya.

Kuna maumivu yasiyo ya kununulia kitu. Ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, hasa ikikuamsha usiku ukaanza kukung'uta mkono, inaweza kuwa ni mshipa wa fahamu unaobanwa ndani ya kifundo. Ganzi ya kidole cha mwisho mara nyingi inatoka kwenye kiwiko. Vitu vikianza kukuponyoka, au ganzi ikipita wiki mbili tatu, nenda kwa daktari, usije kaunta kwangu.

Vumbi letu

Kuanzia Mei mpaka mvua zirudi, vumbi jekundu la Lubumbashi linaingia kila mahali, na kipanya kinachokwama kinachosha kama kile kilicho kidogo. Mara moja kwa wiki, kichomoe, kipindue. Kwangua kwa ukucha ule utandu mweusi kwenye miguu yake ya plastiki. Puliza kitundu cha taa, usipulize kwa mate. Unywele mmoja tu ukilala juu ya lenzi, mshale unatetemeka kama wa homa. Pamba ya sikio iliyolowa spiriti kidogo ipite kwenye vitufe na kandokando ya gurudumu, huku unalizungusha. Chini yake weka karatasi ngumu au jalada la daftari badala ya kitambaa, kitambaa kinahifadhi vumbi.

Kile chekundu bado kipo. Mtoto wa jirani, wa darasa la tatu, anakuja kuchora maua kwenye Paint nikifunga kazi. Nilimwekea mkono juu ya A4: zilibaki sentimita 7 mbele ya kidole chake. Kimemkaa sawasawa.